ASKARI KATI YA RAIA: MABISHANO YASIYOKWISHA YA MAREKANI



Mnamo tarehe 7 Juni, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani aliamuru askari 2,000 wa jeshi la akiba la jimbo la California wawekwe chini ya serikali kuu na kupelekwa katika mji wa Los Angeles, ambako wananchi walikuwa wakiandamana kupinga misako ya wahamiaji. Siku chache baadaye idadi hiyo iliongezwa ikafika askari 4,000 hivi, pamoja na wanajeshi 700 wa kikosi cha Marine. Gavana wa jimbo hilo, Gavin Newsom, hakuwa ameomba msaada huo, akaenda mahakamani kuupinga. Tangu mwaka 1965 hapakuwa na Rais wa Marekani aliyewachukua askari wa akiba wa jimbo kwa shughuli ya namna hiyo bila gavana wao kutaka.

Mara wananchi wa nchi hiyo wakaingia katika mabishano makali. Makazini na vinyozini, makanisani na katika meza za chakula, watu wakagawanyika. Upande mmoja ulisema kwamba serikali isiyoweza kulinda amani katika miji yake haistahili jina la serikali, na kwamba askari hulipwa kwa kodi ya wananchi ili wananchi walale salama. Upande wa pili ulisema kwamba bunduki ya jeshi ilikusudiwa adui wa nje, na kwamba ikielekezwa kwa raia, hapo uhuru wenyewe umekwisha kutiwa pingu.

Hoja zote mbili ni nzito. Lakini jambo la kusikitisha ni kwamba aghalabu hoja hizo hubadilishana wenyewe kwa kufuata ushabiki wa chama. Aliyelaani kupelekwa kwa askari wakati chama cha wapinzani wake kilipokuwa madarakani hushangilia pale chama chake kinapofanya vivyo hivyo, na aliyeshangilia jana hulaani leo. Mizani iliyo mkononi mwa mtu wa namna hiyo haipimi haki, bali hupima nani mwenzake na nani si mwenzake.

Tena, katika mabishano hayo yuko mtu mmoja asiyeulizwa neno, naye ni askari mwenyewe. Wabishi wakichoka huenda kulala. Askari ndiye anayebaki barabarani na kofia ya chuma kichwani, usiku, mbele ya umati anaoufahamu au asioufahamu. Akifyatua risasi, ni jina lake litakaloandikwa katika majalada ya mahakama, wala si jina la mbishi. Kwa sababu hiyo inafaa historia ya jambo hili itazamwe kwa jicho la huyo aliyevaa sare.

Kwanza hapana budi kueleza jinsi vyombo vya ulinzi vya Marekani vilivyopangwa. Polisi wa nchi hiyo si jeshi moja lenye Inspekta Jenerali mmoja. Zipo idara za polisi zipatazo 18,000, za miji, za wilaya, za majimbo na za serikali kuu, kila moja na mkuu wake na desturi zake. Kila jimbo lina jeshi lake la akiba, lijulikanalo kama Walinzi wa Taifa, ambalo kwa kawaida liko chini ya gavana, lakini ambalo Rais anaweza kulichukua katika hali zilizotajwa na sheria. Juu ya hayo liko jeshi la kudumu la serikali kuu, ambalo amiri jeshi wake mkuu ni Rais. Mwanajeshi wa nchi hiyo huapa kuilinda Katiba. Amri za wakubwa wake humfunga, lakini amri hizo nazo zimefungwa na sheria.

Mpango huo ulitokana na hofu ya zamani. Usiku wa tarehe 5 Machi, 1770, askari wa Mfalme wa Uingereza waliokuwa wamewekwa katika mji wa Boston walizingirwa na umati uliowatukana na kuwarushia vipande vya barafu na vijiti. Askari wakafyatua risasi, na watu watano wakapoteza maisha, miongoni mwao Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika. Askari wanane walishtakiwa. Wakili wao alikuwa John Adams, ambaye mwenyewe alipinga sera za Uingereza na baadaye akawa Rais wa pili wa Marekani. Sita waliachiliwa, na wawili wakaonekana na hatia ya kuua bila kukusudia. Ugomvi wa kodi na ushuru ulikuwa baina ya Bunge la Uingereza na wakazi wa makoloni. Lakini waliosimama kizimbani walikuwa vijana wa cheo cha chini, waliowekwa katika njia za mji kuwa kiraka cha siasa iliyochanika.

Miaka sita baadaye, Wamarekani walipotangaza uhuru wao, waliweka miongoni mwa malalamiko dhidi ya Mfalme kwamba aliweka majeshi kati yao wakati wa amani bila ridhaa ya mabaraza yao, na kwamba aliliweka jeshi juu ya utawala wa kiraia. Mwaka 1791 wakaongeza katika Katiba kifungu kinachokataza askari kupangishwa katika nyumba ya mtu wakati wa amani bila ya mwenye nyumba kukubali.

Sheria inayotajwa sana katika mabishano ya siku hizi ni ile ya mwaka 1878, iitwayo Posse Comitatus, inayokataza jeshi kutumiwa kutekeleza sheria juu ya raia, isipokuwa pale Katiba au Bunge lilipoidhinisha. Wengi huisifu kuwa ngao ya uhuru, na ni kweli kwamba imekuwa ngao. Lakini chimbuko lake ni chungu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, jeshi la serikali kuu lilibaki katika majimbo ya kusini, na kwa muda fulani liliwalinda watu Weusi waliotoka utumwani ili waweze kupiga kura. Mwaka 1877, kwa mapatano ya wanasiasa, jeshi hilo liliacha kuzilinda serikali za mwisho zilizotegemea kura hizo. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa kulizuia lisirudi kazi hiyo. Watu Weusi wakaachwa mikononi mwa wale wale waliowanyima haki, na ilichukua karibu miaka tisini, hadi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965, kabla ya kura yao kulindwa tena kwa nguvu ya serikali kuu.

Hivyo basi yeyote asemaye kwamba askari kuwapo kati ya raia ni dhuluma siku zote, ajibu swali la mwaka 1877. Na asemaye kwamba askari kuwapo ni amani siku zote, naye ajibu swali la Boston.

Jambo hili halikuonekana wazi mahali popote kama katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, mwezi Septemba mwaka 1957. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua mwaka 1954 kwamba kuwatenga watoto katika shule za serikali kwa rangi zao ni kinyume cha Katiba. Wanafunzi tisa Weusi wakaandikishwa katika shule kubwa ya mji huo. Gavana Orval Faubus akawaita askari wa akiba wa jimbo wauzunguke mlango. Tarehe 4 Septemba, msichana wa miaka 15, Elizabeth Eckford, alifika peke yake, na askari hao wakamzuia kwa bunduki huku umati wa Wazungu ukimzomea nyuma yake.

Rais wa wakati huo, Dwight Eisenhower, alikuwa jenerali aliyeongoza majeshi ya nchi washirika katika Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwezi Julai mwaka huo huo alikuwa amesema kwamba haoni hali yoyote itakayomfanya apeleke jeshi la serikali kuu kutekeleza amri za mahakama katika majimbo ya kusini. Lakini amri ya mahakama ilipodharauliwa na umati ukaishika njia ya shule, alipeleka askari wa miavuli wapatao 1,000 wa Divisheni ya 101, na askari wote wa akiba wa Arkansas akawaweka chini ya amri yake. Tarehe 25 Septemba wanafunzi wale tisa waliingia darasani wakisindikizwa na wanajeshi.

Msikilizaji aliye askari na alizingatie hili. Askari wa akiba wa Arkansas waliowazuia watoto mwanzoni mwa Septemba ndio hao hao waliopewa kazi ya kuwalinda mwishoni mwa Septemba. Sare ilikuwa ile ile, bunduki ile ile, na mlango wa shule ule ule. Kilichobadilika ni sheria iliyosimama nyuma ya amri. Mwanzoni walitumwa kuivunja haki ya raia, na mwishoni walitumwa kuitimiza. Hapo ndipo panapotofautiana askari wa taifa na mtu wa kukodiwa.

Lakini sheria peke yake haitoshi, maana kuna suala la kufaa kwa chombo kwa kazi yake. Tarehe 4 Mei, 1970, katika Chuo Kikuu cha Kent State, jimbo la Ohio, wanafunzi waliandamana kupinga hatua ya Rais Richard Nixon ya kuingiza majeshi katika Kambodia. Jengo la mafunzo ya kijeshi chuoni hapo lilikuwa limechomwa moto siku mbili kabla, na gavana alikuwa amepeleka askari wa akiba. Vijana hao walikuwa na bunduki za vita, risasi za moto na singe. Walijaribu kuutawanya umati kwa mabomu ya machozi, wakarushiwa mawe. Kisha, walipokuwa wakirudi kupanda kilima, askari 28 kati yao waligeuka na kufyatua risasi zisizopungua 61 katika muda wa sekunde 13.

Wanafunzi wanne waliuawa na tisa wakajeruhiwa. Aliyekuwa karibu zaidi miongoni mwa waliouawa alikuwa umbali wa mita 80 hivi. Wawili kati ya wanne hao hawakuwa wakiandamana, bali walikuwa wakipita kwenda masomoni, na mmoja wa hao wawili alikuwa mwenyewe katika mafunzo ya kuwa ofisa wa jeshi. Hivyo risasi iliyotoka upande wa jeshi ilimwua mwenziwe wa kesho. Siku kumi tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei, polisi walifyatua risasi katika chuo cha watu Weusi cha Jackson State, jimbo la Mississippi. Wawili waliuawa na kumi na wawili wakajeruhiwa. Vifo hivyo vya Jackson vimesahauliwa zaidi kuliko vile vya Kent, na hilo nalo ni sehemu ya historia ya nchi hiyo.

Tume iliyoundwa na Rais ilikata shauri kwamba ufyatuaji ule wa Kent haukuwa wa lazima wala hauna udhuru. Hata leo haijathibitika nani alitoa amri, wala kama amri ilitolewa. Mashtaka ya jinai dhidi ya askari yalifutwa mwaka 1974. Mwaka 1979 madai ya fidia yalimalizika kwa malipo ya dola 675,000 na taarifa ya masikitiko iliyotiwa sahihi na washtakiwa. Fedha hizo zililipwa, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wazazi wanne walizika watoto wao, na vijana 28 waliochukuliwa kutoka katika maisha yao ya kawaida walirudi makwao wakibeba sekunde 13 ambazo hazitawaacha.

Uko mfano mwingine, ambao kwa bahati njema haukuleta msiba. Mwaka 1992, baada ya kuachiliwa kwa polisi walioshtakiwa kwa kumpiga Rodney King, ghasia zilizuka katika Los Angeles na zaidi ya watu 60 wakafa. Safari hiyo gavana mwenyewe aliomba msaada, na askari wa akiba pamoja na wanajeshi wa serikali kuu wakaletwa. Katika kitongoji cha Compton, polisi wawili walikwenda kwenye nyumba iliyokuwa na ugomvi wa kifamilia, wakifuatana na kikundi cha askari wa Marine. Risasi za marisau zikafyatuliwa kupitia mlangoni. Polisi mmoja akapaza sauti kuwataka wanajeshi wamkinge. Kwa polisi, neno hilo la Kiingereza lilikuwa na maana ya kuelekeza bunduki na kuwa tayari. Kwa askari wa Marine, neno hilo hilo lilikuwa na maana ya kumwaga risasi ili adui asiinue kichwa. Wanajeshi wakafyatua risasi zaidi ya 200 katika nyumba iliyokuwa na watoto ndani. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyepigwa.

Hakuna aliyefanya uzembe hapo, na hakuna aliyeasi amri. Kila mmoja alifanya sawasawa na alivyofundishwa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa wote wana sare na silaha, basi kazi yao ni moja. Lugha ya Kiswahili imewapa mwanajeshi na polisi jina moja la askari, na undugu huo ni mwema. Lakini mwanajeshi hufundishwa kumshinda adui kwa nguvu nyingi iwezekanavyo, na polisi hufundishwa kutumia nguvu ndogo iwezekanavyo ili mhalifu afike hai mbele ya hakimu. Kumgeuza mmoja kuwa mwingine kwa siku moja ni kama kumpa mhunzi kazi ya mshonaji kwa sababu wote wawili wanatumia chuma.

Jambo la tatu ni heshima ya jeshi lenyewe. Tarehe 25 Mei, 2020, George Floyd, mtu Mweusi, alifia chini ya goti la polisi katika mji wa Minneapolis, na maandamano yakaenea nchi nzima. Tarehe 1 Juni, waandamanaji walipokwisha kuondolewa kwa nguvu katika uwanja ulio mbele ya Ikulu, Rais Trump alitembea kupita hapo kwenda kupigwa picha mbele ya kanisa, na katika msafara wake alikuwapo Jenerali Mark Milley, Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, akiwa amevaa sare ya vitani. Siku kumi baadaye Jenerali huyo alikiri hadharani kwamba hakupaswa kuwapo pale, kwa kuwa kuwapo kwake kulionyesha kana kwamba jeshi linashiriki katika siasa za ndani. Si jambo jepesi kwa mtu mwenye nyota nne mabegani kukiri kosa mbele ya vijana wake. Lakini alifahamu kwamba jeshi likionekana kuwa la chama, nusu ya taifa itaacha kuliita jeshi lao.

Hata hivyo, kukawia nako kuna gharama. Tarehe 6 Januari, 2021, umati uliokataa matokeo ya uchaguzi ulivamia jengo la Bunge mjini Washington. Polisi walipambana nao kwa saa kadhaa kabla ya askari wa akiba kufika, na polisi wapatao 140 waliumizwa. Siku hiyo kilio cha polisi kilikuwa kwamba askari wa msaada hawaonekani. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba jeshi likae kambini siku zote.

Shauri la mwaka 2025 lilirudi pale pale. Tarehe 2 Septemba, Jaji Charles Breyer aliamua kwamba serikali ilikuwa imeivunja sheria ya mwaka 1878 kwa kuwatumia wanajeshi kufanya kazi za polisi katika Los Angeles, na serikali ikakata rufani. Mwezi Desemba, katika shauri jingine, Mahakama ya Juu ilikataa kuiruhusu serikali kuwatumia askari wa akiba katika mji wa Chicago wakati kesi ikiendelea. Wamarekani bado wanabishana, na yaelekea wataendelea kubishana maadamu wana nchi.

Lakini katika zaidi ya karne mbili za mabishano hayo, historia yao wenyewe imewapa mizani isiyopinda kwa kufuata chama. Inapotolewa amri ya kumpeleka askari kati ya raia, maswali ni matatu. Je, sheria inaruhusu, na mahakama inaweza kuihoji amri hiyo? Je, anayelindwa ni raia na haki yake, au ni kiti cha mkubwa fulani? Je, anayetumwa amefundishwa kazi hiyo, na amepewa silaha inayolingana nayo? Little Rock ilijibu vizuri maswali hayo, na mtoto akaingia darasani. Kent ilishindwa swali la tatu, na watoto wanne wakaingia kaburini.

Maswali hayo si ya Wamarekani peke yao. Popote palipo na kambi na kituo cha polisi, popote palipo na kijana aliyeapa na kukabidhiwa bunduki, yanamhusu. Siasa hubadilika, na viongozi huja wakaondoka. Askari hurudi nyumbani kwa raia wale wale, huoa kwao, huzikwa nao, na watoto wake husoma na watoto wao. Atakapovua sare siku ya mwisho, hatabaki na cheo wala na chama, bali atabaki na namna alivyowatendea jirani zake siku ile alipokuwa na silaha nao hawana.